Mshale Uliohama

Jumamosi hiyo karani wa kliniki ya watoto alikuwa anafua, povu limemfika viwikoni, simu ikaita. Alikuwa karani mwenzake wa kliniki ya ng'ambo ya mto, mama mtu mzima ambaye kazini wote wanamwita Bi Taratibu. Alikuwa anaijaribu programu mpya. Kafuata mwongozo, kabonyeza pale mshale unapoonyesha, na rekodi ya chanjo ya mtoto imeyeyuka.

Karani akaiacha nguo ndani ya povu. Mwongozo ule kauandika yeye. Kapiga picha za skrini, kachora mishale juu yake, katuma kliniki zote. Jumatatu wote wanaanza. Huyu mtoto mmoja kadi yake ya karatasi ipo, ataandikwa upya. Na wengine je?

Akatoka mbio na mapovu yake mpaka mlango wa pili, kwa wifi yake, anayepanga kurasa za vitabu kiwanda cha uchapaji.

"Wifi, nimeua."

"Umemuua nani? Kaka yangu?"

"Kaka yako mzima, anakula. Nimeua rekodi za watu."

Wifi akaufungua mwongozo kwenye kompyuta yake. Mshale uliotakiwa kuonyesha kitufe cha Hifadhi ulikuwa umekaa juu ya Futa, raha mustarehe.

Karani akaapa kwamba kwake ulikuwa sawa.

"Kwako, sawa," wifi akasema. "Lakini mshale umeuchora kwenye ukurasa, si kwenye picha. Ukifunguliwa kompyuta nyingine, picha inasogea, mshale unabaki umeduwaa."

Kwanza akamwambia awatumie wote ujumbe: mwongozo ule msiuguse. Karani akatuma. Kisha akalia kwamba ofisini hawana programu ya maana, ipo ile ya kuchorea tu, wanayochezea watoto.

"Hiyo hiyo. Kidogo si haba."

Wakakaa. Wifi akamwonyesha: weka nakala safi ya picha pembeni, ukikosea urudie. Fungua nakala nyingine kwenye programu ya kuchorea. Chora duara dogo jeupe, ukingo mweusi, namba katikati, maana rangi nyekundu ikichapishwa kwa wino mweusi inapotea. Duara likae kando ya kitufe, lisikifunike. Hifadhi kama picha. Hapo namba na picha ni kitu kimoja, haziachani. Maelezo yaandike chini: 1, andika jina, 2, bonyeza Hifadhi.

"Na hili jina la mtoto wa watu kwenye picha?" wifi akauliza. "Andika la kubuni, upige picha upya."

Karani akarudia picha zote, akatuma mwongozo mpya. Nguo zikalala kwenye beseni.

Jumatatu hakuweza kutulia. Akaomba ruhusa, akavuka mto. Bi Taratibu alikuwa amekaa na mama mwenye kichanga, mwongozo mpya mkononi. Akaweka kidole kwenye namba mbili. Akatazama skrini. Akarudi kwenye namba mbili. Karani alikuwa amesimama mlangoni.

Akabonyeza.

Jina la mtoto likabaki pale pale, na chanjo zake zote.

"Mbona umesimama kama mgeni?" Bi Taratibu akamwambia. "Pita, mwanangu. Nina foleni hapa."