Mabati ya Chama Yako Wapi?

Miaka ile ya vita barabara zilikuwa zimefungwa, na kule Kasha bati lilikuwa adimu kuliko nyama. Mvua nayo ilikuwa imeota mapembe. Basi majirani wakaunda chama cha bima. Kila mwanachama alileta bati lake ghalani, na aliyeezuliwa paa alipewa mabati ya kuezeka tena.

Yolande ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Alikuwa na moyo mweupe mno. Kukiwa na arusi, mabati yalitoka kufunika wageni. Kukiwa na matanga, yalitoka pia. Nani angemnyima mfiwa?

Asubuhi moja alifika Papa Évariste, aliyechaguliwa na vyama vyote vya bima vya milima ile kuvikagua. Ghalani alikuta panya tu.

"Maman Yolande, manjanja, ile mabati ya chama, iko wapi?"

"Iko kwa arusi ya Carmel, papa. Itarudia kesho."

"Na kama mvua inakuya leo?"

Yolande alicheka. "Mvua ya leo, papa? Musimu haiyafika!"

"Ile musimu ya zamani ilishabadilika. Sasa mvua inakuya wakati inapenda. Tena ninyi wote munajenga ku mulima moja, upepo moja itawapiga wote. Bima bila manjanja ni maneno tu."

Yolande alitazama juu mlimani. Alimfikiria Séraphine, mjane aliyekaa juu kabisa kwenye upepo na watoto wake. Aibu ilimshika kwelikweli.

Aliondoka mbio hadi arusini akashusha mabati wageni wakiwa bado wanakula. Walinung'unika weee! Wakamalizia wali chini ya majani ya migomba, tena wakacheza vizuri tu.

Papa Évariste akaongeza masharti. Mabati yasiazimwe tena. Kila mtu achimbe mfereji nyuma ya nyumba. Na Kasha ipatane na chama cha Nyantende, kwenye mlima mwingine: huku kukizidiwa, kule wasaidie, na huku vilevile.

Haukupita muda, upepo ukaja kabla ya majira yake, ukaezua nyumba nyingi. Ghala lilitoa mabati hadi yakaisha. Ndipo watu wa Nyantende wakapanda mlima na mabati vichwani, wakiimba.

Séraphine alitazama paa lake likipigiliwa misumari, machozi yakimtoka.

"Maman Yolande, nitalipa na nini?"

"Ulishalipa, dada, siku ulileta bati yako. Hii si sadaka. Ni haki yako."