Kura ya Mshauri

Saa tatu na dakika kumi na nane asubuhi, Yamaha ilikata kona kwa gurudumu moja.

Mbele yake Land Cruiser nyeusi ilikimbia kama imeiba. Na kweli ilikuwa imeiba. Ilikuwa imeiba mbunge.

Mwendesha pikipiki aliitwa Msumari katika idara ya usalama, kwa sababu kadiri ulivyompiga ndivyo alivyozidi kuzama.

"Saa nne kamili wanapiga kura," sauti ya Mkuu ilinguruma kwenye kidude cha sikioni. "Mtu wetu hajaapa. Asipoapa, hapigi!"

"Nimekupata."

"Wamegawana sabini na moja kwa sabini na moja, na Spika, mwenye kura ya kuamua sare, ni mtu wao!"

"Mkuu, niache niendeshe."

Mbunge huyo ambaye hajaapa alikuwa mama wa miaka hamsini, mshauri wa Waziri kwa miaka kumi na minne. Kila neno zuri lililowahi kutoka kinywani mwa Waziri lilianzia kichwani mwake. Kisha Waziri akataka kuikabidhi mitambo yote ya simu kwa kampuni ya kigeni, wageni wasikilize hata mtu akimsalimu mama yake. Mpango huo ndio uliokuwa unapigiwa kura leo, na Waziri mwenyewe hakuwa mbunge, hakuwa na kura. Mama akaacha kazi, akagombea, akashinda. Watu bado walimwita Mshauri.

Msumari aliipita Land Cruiser. Akageuka. Akachomoa Glock.

Risasi mbili, matairi mawili.

Watekaji wawili walitoka mikono juu. Akawafunga pingu kwenye usukani, akafungua mlango wa nyuma. Sakafuni alilala dereva wa Mshauri, plasta mdomoni. Peke yake.

"Mama yuko wapi?"

"Hakuwemo!" dereva alihema alipobanduliwa plasta. "Majuha hawa wamevamia gari wakidhani yumo. Mimi nilishamshusha Bungeni, mlango wa pembeni, wa wasaidizi. Miaka yote tunaingilia huko, kaka. Alisahau kwamba sasa ana mlango wake. Mazoea yana tabu!"

Msumari alitaka kucheka. Akakumbuka kuna mtu mwingine anayeyajua mazoea hayo.

Waziri.

Saa tatu na dakika arobaini na mbili alikuwa kwenye korido ya wasaidizi. Nyuma ya mlango wa chuma wa chumba cha kuchapia hotuba, watu walikuwa wanabishana.

"Saini barua ya kujiuzulu, yaishe," Waziri alisema. "Wewe ni mtu wa kunong'ona nyuma ya kiti, dada yangu."

"Mkono huu ukauke kwanza!" Mshauri akamjibu. "Niueni basi. Tuone hotuba ya msiba wangu utaandikiwa na nani."

"Dakika tano," sauti ya tatu ilisema kwa lafudhi ya kigeni. Bastola ikakokiwa.

Msumari aliutazama mlango. Haukuwa wa kuvunjwa kwa teke. Akabisha kistaarabu.

"Chai, waheshimiwa!"

Ofisi isiyofungulia chai bado haijajengwa. Kitasa kikazunguka.

Msumari akausukuma mlango kwa bega, ukamkuta Waziri usoni. Mgeni aliinua Walther yenye kizuia sauti, lakini Mshauri alishamrushia stepla kubwa ya chuma. Ikampata juu ya jicho. Msumari akamalizia kwa kiwiko.

"Umechelewa," Mshauri alisema, akiichana barua vipande vipande.

"Nisamehe, mama. Foleni."

Mshauri alitengeneza shela yake, akatoka bila kuaga. Viatu vyake vilisikika koridoni, kwanza taratibu, kisha mbio.

Msumari aliwafunga wanaume wawili kwenye bomba, akaongeza sauti ya redio iliyokuwa mezani. Kutoka ukumbini, Mshauri alikuwa anaapa. Sauti ilimtetemeka.

"Umeona?" Waziri alisema, damu ikimtoka puani. "Itamkwama. Bila mimi mbele yake, huyo si mtu."

Majina yakaitwa. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Likafika lake.

Kimya.

Waziri akatabasamu.

"HAPANA!" redio ikapasuka. "Na mkiniuliza kesho, hapana! Keshokutwa, hapana!"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi.

"Mheshimiwa," Spika alisema kwa unyonge, "moja inatosha."

Tabasamu la Waziri likayeyuka. Msumari aliokota helmeti yake.

"Hiyo," alimwambia, "kajiandikia mwenyewe."

Akatoka juani akipiga mluzi.