Mota Namba Kumi na Saba

Duka la vipuri vya umeme lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, wakati ambao kila mwenye feni iliyogoma na chaja iliyoungua hukumbuka kwamba duniani kuna mafundi. Fundi Saa alikuwa amebanwa kwenye kona ya kaunta akisubiri betri za saa za mkononi, gauni lake la rangi ya haradali limenaswa na kifurushi cha mtu, aliposikia sauti nzito nyuma ya sikio lake ikimwambia muuzaji:

"Nipe mota ya gari la rimoti. Yenye nguvu kuliko zote ulizo nazo."

Akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimponyoka tu.

"Dada, kuna cha kuchekesha?"

Akageuka. Kijana alikuwa ndani ya ovaroli ya buluu yenye doa la grisi kifuani, lakini viatu vyake viling'aa utadhani anakwenda kuposa. Kwa kazi alikuwa fundi wa lifti, na hilo ndilo jina ambalo watu wote walimwita baadaye.

"Samahani, kaka. Ila unajitia hasara bure. Kwenye klabu yetu hiyo mota haitakusaidia kitu."

"Klabu gani tena hiyo inayokataa nguvu?"

Akamweleza palepale, kati ya viwiko vya watu: ni klabu ya mbio za magari ya rimoti. Zamani mshindi alikuwa mmoja tu kila mwezi, daktari wa meno, kwa sababu aliagiza mota za mbali ambazo wengine waliziona pichani. Wanachama wakachoka kusindikiza. Sasa mota zote ni za aina moja, zimetoka kiwanda kimoja, na zina muhuri. Asubuhi ya mbio kila dereva huchota karatasi kwenye kofia na kupewa mota ya namba aliyochota. Mwenye nacho na asiye nacho wanakimbia sawa, na anayeshinda ni mwenye mkono stadi.

"Na nani anahakikisha hakuna anayechokonoa?"

"Mimi."

Fundi Lifti akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu, kisha akamrudishia muuzaji mota. "Basi hapo nitakuja," alisema. "Mkaguzi mwenyewe ndiye huyu, nani atakubali kubaki nyumbani?"

Alikuja, na hakuacha kuja. Mbio zilifanyika kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo la kuegesha magari, ambako klabu ilichora njia kwa mipira ya maji iliyolazwa sakafuni. Wiki ya kwanza gari lake lilipanda ukuta. Ya pili liligonga mguu wa mwenyekiti. Kufikia mwezi wa tatu lilikuwa linakata kona kama limefundishwa, na Fundi Saa alikuwa haweki tena simu mbali na mkono.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwanza. Kanuni za klabu alizijua kwa moyo, maana nusu yake aliziandika yeye, na kanuni ya tisa ilisema mkaguzi asiwe na udugu wala ubia na dereva yeyote.

"Sisi si ndugu," Fundi Lifti alimtania kwenye simu. "Na ubia tunao wa nini? Wa kuongea?"

"Usinifanyie mzaha. Wakijua, watasema nakubeba."

"Basi wasijue, roho yangu. Mimi nitakusalimia kama nasalimia polisi."

Na kweli, kila Jumamosi alimsalimia kama polisi, na kila Jumamosi Fundi Saa alirudi nyumbani akaacha chakula mezani. Alikaa na shangazi yake, dada wa baba aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, mama mtu mzima aliyemsoma kama kalenda ya ukutani.

"Mwanangu, huyo anayekunyima chakula ana kazi?" shangazi aliuliza siku moja.

"Nani, shangazi?"

"Haya. Basi kula."

Msimu mpya ulipofika, sanduku la mota ishirini na nne lililetwa kwake kama kawaida. Kazi hii aliifanya kwenye meza yake ya saa, dirishani, mchana, kwa mikono ileile iliyozoea skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kwanza alizipima zote na kuandika daftarini kila moja inazunguka mara ngapi kwa dakika. Halafu kila mota aliizamisha kwenye glasi ya maji, akaiunganisha na betri dhaifu, akaiacha izunguke dakika tano, ili zile kaboni mbili za ndani zinazopitisha umeme zilike kidogo na zikae sawasawa. Maji hugeuka ya kijivu. Dakika tano kwa kila moja, si nne wala sita, zote zipate kuongezeka mwendo kwa kiasi kilekile. Mwisho aliikausha, akaitia tone la mafuta, akaziba skrubu zake kwa tone la rangi ya kucha. Rangi hiyo aliichanganya mwenyewe kutoka chupa mbili, zambarau na dhahabu, ili asitokee wa kuigiza. Duniani mchanganyiko ule aliujua yeye, na Fundi Lifti, aliyeambiwa siku Fundi Saa alipomwomba ampake kucha.

Jumanne ile alikuwa kwenye mota ya kumi na saba Fundi Lifti alipopiga simu.

"Uko wapi?" alimuuliza.

"Juu ya lifti. Siyo ndani, juu yake. Nimekaa gizani nasubiri kipuri, ghorofa ya kumi na moja. Niongeleshe, nisije nikaanza kuhesabu tuko mita ngapi kutoka chini."

"Fundi lifti anaogopa urefu!"

"Usimwambie mtu. Nitakosa kazi, na wewe utakosa mume."

Fundi Saa aliishusha bisibisi. Neno lile lilikuwa halijawahi kutajwa.

"Umenyamaza."

"Nimesikia vibaya."

"Umesikia vizuri. Nakupenda. Nimelisema hapa juu kwa sababu hapa siwezi kukimbia."

Waliongea sana baada ya hapo, na alipoweka simu chini mashavu yalikuwa yanamwaka. Akaitoa mota kwenye glasi, akamwaga maji meusi kwenye karo bila kuyatilia maanani, akatia tone la mafuta, akatia tone la rangi, akaendelea na ya kumi na nane huku akiimba.

Jumamosi, Fundi Lifti alitia mkono kwenye kofia akachota namba kumi na saba.

Hakuna aliyewahi kuona mashindano ya aina ile. Kwenye kona gari lake lilikuwa sawa na ya wenzake, lakini kwenye njia iliyonyooka liliondoka likawaacha. Watu walishangilia mzunguko wa kwanza, wakanyamaza wa tatu. Alipovuka mstari, daktari wa meno, shati lake jeupe halina hata kunyanzi, aliinua mkono.

"Naomba ipimwe."

Ilikuwa haki yake. Fundi Saa aliipima mbele ya wote, akarudia mara ya pili. Kanuni iliruhusu mota izidi kipimo cha daftarini kwa mizunguko mia tatu. Hii ilizidi kwa elfu moja na mia moja.

"Muhuri?" aliuliza mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa udereva asiyependa maneno mengi.

"Mzima," alisema.

"Basi ushindi unawekwa kando. Jumamosi ijayo tunakutana hapa. Kama imefunguliwa, aliyeifungua hataligusa gari la klabu hii maisha yake."

Fundi Saa alitembea kurudi nyumbani akiwa hajui anapokanyaga. Muhuri mzima, mota imebadilika. Kutoka kuchota hadi kukimbia, mota ilikaa mkononi mwa dereva saa nzima. Na rangi ile, nani mwingine alijua kuichanganya? Alijaribu kulikataa wazo, likarudi. Alilala nalo, akaamka nalo. Jumapili simu ilipoita, alipokea akiwa amesimama.

"Ulipata wapi zambarau na dhahabu?"

"Nini?"

"Nilikwambia peke yako. Sikumwambia hata shangazi. Ulikuwa na saa nzima."

Upande wa pili redio ilizimwa.

"Unaniuliza au unanihukumu?"

"Nakuuliza."

"Hapana. Hujauliza. Ungeniuliza, ningekujibu." Akakata.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu kama foleni ya hospitali. Aliharibu saa mbili za wateja. Kila simu ilipolia aliikimbilia, na kila mara ilikuwa ni mtu wa saa ya ukutani. Jambo lililomtesa zaidi ya wizi ni kwamba alimkumbuka mwizi wake mchana kutwa.

"Umekonda," shangazi alisema Alhamisi. "Kakosa nini?"

"Amenidanganya."

"Umemwona akikudanganya?"

"Nimeona ushahidi."

"Ushahidi nao huwa na macho mawili, mwanangu. Moja ni la anayeutazama."

Ijumaa mchana, mwenyekiti aliagiza aandae mota ya akiba ya kulinganishia. Akaipima, akaizamisha kwenye glasi, akakaa akiitazama. Dakika tano zikaisha. Maji yalikuwa ya kijivu, kama yaliyooshewa kikombe cha chai.

Akayatazama maji yale kwa muda. Halafu akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha.

Yalikuwa meusi. Yale ya Jumanne aliyoyamwaga kwenye karo huku akicheka peke yake yalikuwa meusi tititi. Akaichukua simu, akatafuta Jumanne. Saa nane na dakika kumi, kupokea. Muda wa maongezi: dakika thelathini na nane.

"Mungu wangu," alisema.

Aliizamisha tena mota ya akiba kwenye glasi nyingine ya maji, akaiacha itimize dakika thelathini na nane, akasimama pembeni akiuma kidole kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Maji yakawa meusi. Akaikausha, akaipima. Ilizidi kwa elfu moja na themanini. Hakuna aliyefungua kitu. Mota namba kumi na saba iliharibiwa pale mezani pake na yeye mwenyewe, akisikiliza anapendwa.

Sasa wasiwasi uligeuka sura. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na mtu asiye na hatia atatoka na jina la mwizi. Akisema, itabidi aseme kwa nini mkaguzi makini aliisahau mota dakika thelathini na nane. Usingizi haukumjia, ila uamuzi ulikuwa umefika kabla yake.

Jumamosi alisimama mbele ya wanachama na glasi mbili za maji, moja ya kijivu na moja nyeusi. Fundi Lifti alikuwa nyuma kabisa, karibu na ngazi, mikono mfukoni, hamtazami. Fundi Saa aliwaeleza yote, akawaonyesha vipimo.

"Kosa ni langu," alimalizia. "Dereva hana hatia hata kidogo. Niliiacha majini kwa sababu nilikuwa kwenye simu."

Daktari wa meno alikunja mikono. "Dakika thelathini na nane? Na nani?"

Wanachama wote walimgeukia Fundi Saa.

"Na yeye," alisema, akamwonyesha. "Ni mpenzi wangu, kama bado. Tangu miezi mitatu iliyopita. Kanuni ya tisa naijua, niliiandika mimi."

Minong'ono ililipuka. Mwenyekiti aligonga meza. "Mota zinapimwa upya zote, mbio zinarudiwa. Fundi Saa, tunakushukuru kwa ukweli. Kiti cha ukaguzi utakikabidhi leo."

Alikabidhi daftari, kipima betri na chupa mbili za rangi ya kucha. Aliumia kuliko alivyotarajia. Kisha kwa mara ya kwanza akaketi na watazamaji. Mbio zilirudiwa na mota nyingine. Daktari wa meno akashinda, safari hii kwa mkono, na Fundi Lifti akawa wa nne.

Watu walipoanza kukunja mipira ya maji, Fundi Saa ndiye aliyemfuata Fundi Lifti.

"Nilikudhania mwizi," alisema. "Sikukuuliza."

"Siku sita."

"Siku sita. Nisamehe."

Fundi Lifti aliligeuza gari lake mikononi, akapuliza vumbi kwenye tairi. "Nina swali moja, na usinijibu haraka. Kama maji yale yasingekuwa meusi, kama usingepata ushahidi wowote, ungesimama leo kunitetea?"

Angeweza kusema ndiyo. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, tamu na rahisi. Akalimeza. Machozi yakamlenga.

"Sijui," alisema. "Natamani kusema ndiyo. Lakini sijui."

Alisubiri ageuke aondoke. Badala yake mwanamume yule alishusha pumzi ndefu, kama aliyekuwa ameibana tangu Jumapili.

"Ungesema ndiyo, ningekuaga hapahapa," alisema. "Nisingejua nikuamini lini tena."

Akaliweka gari chini, akamshika mkono, mbele ya mwenyekiti, daktari wa meno na klabu nzima, na hakuuachia mpaka walipofika barabarani.