Mtazamaji wa Kiti cha Mbele

Sauti ya Masumbuko haikuwa na mfano. Akikohoa Ilomba, ng'ombe wa Igawa wanainua vichwa! Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha, maana kazi yake ilikuwa kutafsiri picha za kigeni kwenye banda lake la video, kipaza sauti mkononi, na Kiingereza chenyewe hajui hata cha kuombea maji. Anabuni tu. Na kabla picha haijaanza, anatoa hukumu.

"Ile ya mwanasesere, haitishi. Ile ya maiti wanaotembea, nilisinzia. Nileteeni ya kunitisha mie!"

Alhamisi mchana, mvua inapiga bati, akaweka picha ya jini. Mzee mmoja kwenye picha akafumba macho, akasoma maneno mazito. Masumbuko angeyajulia wapi? Akabuni: "Jini, karibu Ilomba kwa Masumbuko! Kaa kiti cha mbele, uangalie bure mpaka nikuondoe!"

Watu hoi kwa kicheko. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Miguu yake ya plastiki ikapinda taratibu, kama kimebebeshwa gunia kumi za mchele.

"Masumbuko, kiti chako kinapiga magoti," Asukile wa bodaboda akamtania. "Kimeokoka?"

"Plastiki za siku hizi hizo," akajibu. Lakini pua ilishanusa udi, na mle ndani siku zote hunuka makoti mabichi tu.

Kesho yake, katikati ya picha, Masumbuko kanyamaza anameza mate, spika ikasema kwa sauti yake: "Haitishi."

Asukile akageuka. "Kaka, umesemaje na mdomo umefunga?"

Akatimka, na wengine nyuma yake. Mpaka Jumamosi banda halikuwa na mtu, na kila spika iliponena, sauti ya Masumbuko kooni ilipungua, ikawa kama ya mgonjwa, kisha kama ya kifaranga, mpaka mchana ule mkewe Bupe alipotoka kusuuza vyombo, akasikia mumewe ananguruma kule bandani kulikofungwa kufuli, akageuka, akamwona mumewe huyohuyo kakaa mlangoni pa nyumba, midomo imekauka.

"Mwe! Baba Eveline," akanong'ona, "kule ni nani?"

Mchungaji Aroni akaitwa, akasimuliwa yote, banda likafunguliwa. Akanusa udi, akasimama palepale.

"Ulimkaribisha kwa kipaza sauti. Mwondoe kwa hichohicho, wewe mwenyewe, kabla sauti haijaisha."

Masumbuko akakishika kwa mikono miwili. "Toka," akakwaruza. "Picha imeisha. Nakuondoa, kwa jina la Yesu."

Kiti kikanyooka. Udi ukakatika.

"Haleluya!" Masumbuko akanguruma, bati likatikisika, mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Bupe akalia kwa furaha, akachomoa waya wa spika, akauzungushia mkononi ili akautupe.

Mchungaji alikuwa bado anafunga Biblia. Spika, waya wake uko mkononi mwa Bupe, ikakohoa.

"Na hii nayo," ikasema, "haitishi."

Masumbuko akafungua kinywa apige yowe.

Yowe likatokea kwenye spika.