Mji Ndani ya Mtungi

Abdulatifu alikuwa fundi cherehani wa Kilwa Kivinje. Baraza yake haikukosa watu. Wengine walileta kanzu zishonwe, lakini wengi walileta midomo yao tu. Zamani hizo za Mwingereza gazeti moja lilisomwa na watu ishirini. Lilipokwisha kusomwa, mabishano yalianza.

Siku moja, baada ya sala ya adhuhuri, walibishana kuhusu miji. Ni mji gani duniani wenye maisha mazuri kuliko yote?

"Bombei," alisema mmoja. "Huko nyumba zimepandana orofa tano."

"London," alisema mwingine. "Usiku wake ni mchana. Taa tupu!"

"Mnasema msiyoyaona," Abdulatifu aliwaambia huku akikanyaga cherehani. "Muulizeni Fakihi. Yeye amefika."

Fakihi alikuwa mzaliwa wa Kivinje. Kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi ya kutia makaa katika meli. Sasa amerudi nyumbani, na ni mtu wa afya wa mji. Kazi yake ni kukagua visima na vyoo. Watu hawakumpenda sana, kwa sababu kila akiingia uani anafunua mitungi ya wenyewe.

"Mimi sitazami orofa wala taa," Fakihi alisema. "Kila bandari mabaharia wana mama anayewapikia. Nilimwuliza mama huyo swali moja. Mama, umezaa watoto wangapi, na leo utakula na wangapi?"

Watu walicheka. Fakihi hakucheka.

"Bombei, mama yule alinijibu kuwa amezaa sita, na atakula na wawili. Nyumba yao ilikuwa ya orofa tano kweli, lakini bomba la maji lilikuwa moja kwa watu wote. London, mama alisema amezaa wanne, na wote wanne wako mezani. Nikamwuliza habari za bibi yake. Akasema bibi alizaa wanane na kuwazika watano. Mji ulikuwa ule ule. Maji ndiyo yaliyobadilika."

"Na Kivinje je?" aliuliza mtu mmoja, bado anacheka.

Cherehani ilinyamaza. Nyuma ya mlango alisimama Mwahija, mke wa Abdulatifu, ameshika sinia la kahawa. Mwahija alizaa watatu. Siku ile angekula na mmoja.

Mtoto wa kwanza alikuwa Bakary, wa miaka tisa. Alikwenda Tingi kwa mjomba wake wakati wa mavuno. Akarudi na tumbo la kuhara, na siku ya tatu akafa. Zilikuwa siku za bamvua, wakati bahari inapojaa kupita kawaida yake. Bamvua lililofuata, baada ya wiki mbili, Kibwana naye akashikwa na tumbo lile lile. Kibwana alikuwa na miaka minne tu. Alizikwa ubavuni mwa kaka yake.

Sasa alibaki Kudra, msichana wa miaka sita. Na bamvua jingine lilikuwa linakuja.

Uani kwao kulikuwa na kisima. Maji yake yalikuwa matamu, na zamani majirani waliyaomba. Kisima hicho kilikuwa na tabia yake. Siku za bamvua, saa kumi alasiri, bahari ikijaa, maji ya kisima nayo yalipanda. Yakipanda yalitoa sauti. Zamani hakuna aliyeijali. Lakini tangu misiba ile, sauti ilisikika kama mtoto anayevuta pumzi baada ya kulia sana.

Majirani waliacha kuteka maji pale tangu Bakary alipozikwa. Walinong'ona kwamba mtoto yule atawaita wenzake. Na kweli, katika nyumba zao hakufa mtoto. Waliokufa walikuwa wa nyumba hii tu. Jambo hilo liliwatisha watu zaidi.

Alasiri moja Mwahija alimkuta Kudra amechutama kando ya kisima. Alikuwa amepanga vikombe vitatu ukingoni.

"Kudra! Vikombe hivyo vya nani?"

"Kimoja changu, mama. Hiki cha Kibwana. Hiki cha kaka Bakary."

"Nani amekutuma uvilete?"

"Wao wenyewe. Wanasema maji yanakaribia kujaa."

Mwahija alimbeba mtoto akakimbilia ndani. Bi Kazija, mama yake Abdulatifu, alifukiza ubani kuzunguka kisima chote, akasoma dua mpaka sauti ikamkauka. Moshi wa ubani uliteremka ndani ya kisima, ukakaa humo muda mrefu bila kutoka.

Usiku ule Abdulatifu alikata shauri.

"Mama Bakary, tunahamia Dar es Salaam," alimwambia mkewe. Watu bado walimwita Mwahija kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kila mara jina hilo lilimchoma. "Meli inakuja Jumamosi. Kule kuna bomba, kuna hospitali kubwa. Mji huu umetukataa."

"Na wanangu niwaache peke yao?" aliuliza Mwahija.

"Nimemwacha nani mimi? Namwokoa aliyebaki!"

Asubuhi Mwahija alianza kufunga mizigo.

Bi Kazija naye alitayarisha kitu chake. Alijaza maji ya kisima katika mtungi mkubwa, akaufunga kitambaa cheupe mdomoni, akauweka karibu na mlango. Ilikuwa desturi ya nyumba yao. Anayesafiri hunywa maji ya kwao mpaka tumbo lizoee ugeni. Marehemu mumewe alikwenda na maji hayo mpaka Adeni.

Jumatano Fakihi alikuja kuagana nao. Aliuona mtungi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtungi huu wa nini?"

"Maji ya Kudra, anywe njiani na huko waendako," alijibu Bi Kazija. "Maji ya ugenini hayamjui."

Fakihi alifungua kitambaa, akatazama ndani, akakifunga tena. Kisha alimgeukia Mwahija.

"Shemeji, niwie radhi kwa swali hili. Watoto walioshewa wapi?"

Mwahija alinyoosha kidole. Karibu na kisima palikuwa na mchanga ulioinuka kidogo. Hapo ndipo ulipochimbwa ufuo, yaani shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti.

"Pale ndipo ufuo wa nyumba hii ulipo siku zote," alisema Bi Kazija. "Mkwe wangu alioshewa pale. Mume wangu pia. Maji yako karibu, watekaji hawasumbuki."

Fakihi alipima kwa miguu kutoka mchanga ule mpaka kisimani. Zilikuwa hatua sita.

"Mama, kwa nini maji ya kisima hiki hupanda siku za bamvua?"

"Ni tabia yake. Hupumua."

"Bahari iko hatua mia mbili kutoka hapa. Haina mlango wa kuingilia. Inasukuma maji ndani ya mchanga. Kama bahari inakifikia kisima kwa kupita mchangani, je, maji ya ufuo yatashindwa hatua sita?"

Abdulatifu aliacha kufunga kamba za mizigo. "Sema wazi, Fakihi."

"Nitasema, ingawa mtanichukia. Bakary alileta ugonjwa kutoka Tingi. Alipooshwa, tumbo lilikamuliwa taratibu kama inavyotakiwa. Uchafu wa ugonjwa ukaingia katika ufuo. Bamvua lilipokuja, maji ya ardhini yakapanda, yakaugusa uchafu ule, yakashuka nao kisimani. Majirani waliogopa, hawakunywa. Ninyi mlikunywa. Wewe mwenyewe, Abdulatifu, hukuugua tumbo?"

"Siku mbili," alijibu Abdulatifu polepole. "Nikapona."

"Wewe ni mtu mzima. Kibwana alikuwa mdogo."

Bi Kazija alisimama. Macho yake yalikuwa makali.

"Fakihi! Wajukuu wangu wameoshwa, wamesomewa, wamesaliwa. Leo unawaita uchafu?"

"Hasha, mama. Maiti ina heshima yake. Ugonjwa hauna heshima." Aliugusa mtungi kwa mkono. "Mnauhama mji, lakini mji wenyewe mmeufunga humu. Mtafika nao Dar es Salaam, na Kudra ataunywa huko huko."

Ndipo Fakihi alipotoa kopo dogo mfukoni. Ndani mlikuwa na unga mwekundu. Abdulatifu alileta ndoo kumi za maji kutoka kisima cha msikitini. Fakihi alitia unga kidogo katika kila ndoo. Wekundu ukapotea. Maji yakageuka rangi ya kijani, kijani kinachong'aa. Kudra alijificha nyuma ya mama yake.

"Hii ni rangi tu, haina sumu," Fakihi alisema, akaimwaga yote pale penye ufuo. "Ikitokea kisimani, mtaniamini. Isipotokea, pandeni meli na mtungi wenu. Ila kwa siku hizi mtoto anywe maji ya msikitini, tena yachemshwe."

Alhamisi maji ya kisima yalikuwa meupe kama kawaida. Bi Kazija aliwaita majirani wajionee. "Mtu wa afya kaaibika!" alisema. Lakini jioni ile hakula.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Abdulatifu alirudi na Fakihi. Bahari ilikuwa inajaa. Upepo ulikuwa umekufa, na hata kuku walikuwa wamejikusanya chini ya ukuta, kimya. Kisha kisima kikavuta pumzi.

Wote waliisikia. Kudra aliinuka juu ya mkeka. Hakulia, hakutazama pembeni. Alianza kutembea kuelekea kisimani.

"Wameamka," alisema.

"Kudra!" Mwahija aliruka akamshika mkono ukingoni kabisa. Hakutaka kutazama chini, lakini alitazama.

Kisima kilikuwa kinawaka. Maji yalikuwa ya kijani, yanang'aa kama macho ya paka, na yalikuwa yanapanda. Yalipanda kidogo, yakatulia, yakapanda tena. Juu ya kijani kile ziliogelea nyuso mbili, uso wa mama na uso wa mtoto wake.

Bi Kazija alikuja, akainama, akaona. Akakaa chini mchangani.

"Kwa mikono hii nilimwosha Bakary," alisema. "Na kwa mikono hii nikamtekea Kibwana maji. Ya Rabi, ni mimi!"

Fakihi alichutama mbele yake.

"Mama, uliwaosha kwa mapenzi. Lililokosewa ni mahali pa kuwaoshea. Mahali panabadilishwa."

Bi Kazija alilia kwa sauti, na Mwahija akalia naye. Tangu msiba wa pili hawakuwahi kulia pamoja. Kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake. Abdulatifu aliubeba mtungi, akaenda kuumwaga mbali, karibu na bahari.

Jumamosi meli ilikuja ikaondoka. Watu wa barazani walishangaa kumwona fundi bado yupo.

"Mke wangu hataki," Abdulatifu aliwaambia. "Anasema hata Dar es Salaam mtu anaweza kuchimba ufuo kando ya kisima."

Kazi ilianza wiki ile ile. Walikijaza kisima mawe na udongo, wakakifunika kwa jiwe la chokaa. Wakachimba kingine mbele ya nyumba, upande wa juu, mbali na choo. Walikijengea ukingo mrefu na kukiwekea mfuniko wa mbao. Ndoo ilikuwa moja, na haikulazwa chini. Ufuo ulihamishiwa upande wa chini, kuelekea baharini. Nguo za mgonjwa hazikufuliwa tena penye maji ya kunywa. Na maji ya watoto yalichemshwa kila siku, hata kuni zilipokuwa adimu.

Aliyewashangaza watu wote ni Bi Kazija. Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuwaosha wanawake na watoto waliofariki. Sasa kila alipoitwa, kabla ya kushika maji aliuliza, "Kisima chenu kiko wapi?" Kisha alihesabu hatua mwenyewe, pole pole, kwa miguu yake iliyokwisha kuchoka. Zisipotosha, aliamuru shimo lichimbwe kwingine. Nani angebishana na Bi Kazija? Alipofariki yeye, alioshewa upande wa chini, kama alivyousia.

Bamvua lile lilipita, na Kudra hakuugua. Mabamvua mengi yakapita. Kudra alikua, akaolewa mtaa wa pili, akazaa watoto wanne. Mji ulikuwa ule ule. Taa za barabarani hazikuja, wala orofa. Lakini siku za sikukuu, Mwahija alipopakua wali, sinia moja halikutosha.

Kisima cha zamani bado kiko uani, chini ya jiwe lake. Siku za bamvua, saa kumi alasiri, sauti ile husikika, ndogo, kutoka chini sana. Fakihi alisema ni maji yanayopita kati ya mawe, na Mwahija alimwamini. Hata hivyo, kila ikisikika, Mwahija aliacha kazi yake. Alikwenda akakaa juu ya jiwe, akaweka kiganja chake juu yake.

"Tulieni, wanangu," alisema. "Dada yenu haji. Amezaa wanne, na leo anakula nao wote wanne."