Mto wa Batuli Wenye Simbi

Haya, sogeeni. Anayenyonya kidole akitoe kwanza, maana leo tutapiga kelele.

Batuli ana miaka mitano. Anaishi Pangani na Bibi yake, kwenye kichochoro kinachoteremka mpaka pwani.

Masika yote mvua ilinyesha. Ilinyesha asubuhi, ikanyesha jioni. Magodoro yakanuka uvundo. Hata mto wa kulalia wa Batuli ukanuka uvundo!

Ni mto mdogo wa sufi. Pembeni una simbi mbili nyeupe. Batuli aliziokota ufukweni, Bibi akazitunga kwa uzi. Kila usiku Batuli huzichezea.

Tiki-tiki, tiki-tiki. Kisha usingizi huoo! Bila simbi zake, Batuli halali ng'o.

Asubuhi moja Batuli akafungua dirisha.

"Bibi! Jua! Jua limerudi!"

"Alhamdulillahi," akasema Bibi. "Twende tukaanike."

Kumbe kichochoro kizima kimewaza hivyo hivyo. Magodoro nje! Mikeka nje! Mito barazani, mito ukutani, mito juu ya ua.

Pu! Pu! Pu! Watu wakapiga magodoro kwa fimbo. Vumbi likaruka. Batuli akapiga chafya, akacheka, akapiga chafya tena.

Mara wingu likatokea baharini. Wingu dogo, jeusi, korofi.

Tap! Tap! Tap!

"Anueni! Anueni!" watu wakapiga kelele. Haya, na nyinyi pigeni: "Anueni! Anueni!"

Lo! Wakakimbia huku, wakakimbia kule. Kila mtu akanyakua kilicho karibu, akaingia nacho ndani.

Wingu likapita zake. Jua likawaka tena, eti hakuna kilichotokea.

Batuli akatazama alichokibeba. Mto mkubwa! Mto mgumu! Hauna simbi hata moja.

"Si wangu huu!" Midomo ikamtetemeka. "Bibi, leo nitalalaje?"

Bibi akaunusa ule mto. "Unanukia kahawa. Nani hapa kwetu anauza kahawa?"

"Babu Mshamu!"

Batuli akaubeba mto kichwani. Akaenda akiimba:

"Tiki-tiki, tiki-tiki,
mto wangu uko wapi?"

"Hodi, Babu! Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ooo, mto wangu huo! Shingo yangu haitaki mwingine."

"Na wangu je, Babu?"

Babu Mshamu akatoa mto mnene. Foronya yake ina maua, na maneno ya uzi mwekundu: *Lala Unono*. Batuli akaunusa. Mmm! Iliki!

"Huu wa Bi Asilia, mpika vitumbua," akasema Batuli. Akaubeba, akaenda.

"Tiki-tiki, tiki-tiki,
mto wangu uko wapi?"

"Hodi, Bi Asilia! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wee! Foronya yangu! Nimeitafuta mpaka uvunguni. Shika kitumbua."

"Na wangu je?"

Bi Asilia akatoa mto mwembamba. Unanukia poda ya mtoto. Batuli akaujua mara moja. Ni wa Mama Twalha, jirani wa mbele.

Kitumbua kilikuwa kitamu, lakini Batuli alikila huku analia. Babu amepata mto wake, Bi Asilia amepata wake. Yeye bado.

"Tiki-tiki, tiki-tiki,
mto wangu uko wapi?"

Twalha ni mtoto mchanga anayeota meno. Kutwa hulia: Nyaaa! Nyaaa! Kichochoro kizima kinamjua.

Lakini leo, mlangoni kwake, kimya. Batuli akatega sikio.

Tiki-tiki, tiki-tiki.

"Mto wangu!" Batuli akaingia mbio. Hata hodi hakupiga!

Twalha alikuwa amekaa mkekani, udenda unamchuruzika. Anazipiga simbi, anacheka.

"Leo ndiyo kwanza amenyamaza," Mama Twalha akanong'ona, akiupokea mto wake. "Lakini mto ni wako, mwanangu. Chukua."

Batuli akauchukua. Akaukumbatia. Raha iliyoje!

Midomo ya Twalha ikatetemeka. Nyaaaaa!

Batuli akamrudishia. Kimya.

Akauchukua tena. Nyaaaaa!

Batuli akasimama. Mto ni wake, na anaupenda. Lakini ile midomo inayotetemeka aliijua. Yake ilitetemeka vile vile asubuhi.

"Twalha, kaa nao kidogo," akasema. "Kidogo tu! Nakuja sasa hivi."

Akatoka mbio. "Bibi! Bibi! Twende pwani!"

Wakateremka wote wawili. Bahari ilikuwa imetupa vitu vingi ufukweni masika yote. Batuli akainua mwani. Kaa akatoka, akakimbia upandeupande. Akainua mwani tena.

Simbi! Na nyingine!

Bibi akazitunga kwa uzi. Mama Twalha akazifunga juu, dirishani, karibu na kitanda cha Twalha. Upepo wa bahari ukaingia.

Tiki-tiki, tiki-tiki.

Twalha akatazama juu. Akacheka mpaka jino likaonekana. Jino moja, dogo, jipya! Mto wa Batuli akausahau kabisa.

Usiku Batuli akapanda kitandani. Akalaza shavu kwenye mto wake. Akaunusa.

Uvundo hakuna. Unanukia jua.

"Lala unono, Batuli," akasema Bibi.

"Nawe lala unono, Bibi."

Tiki-tiki, zikasema simbi za Twalha, kule nyumba ya mbele.

Tiki-tiki, akajibu Batuli.

Tiki-tiki, zikasema za Twalha.

Tiki...

Ya pili Batuli hakuiwahi. Usingizi huoo!