Kibanda cha Edem

Mvua iliwasukuma watu wa mtaa wa Circle chini ya paa la muuza chaja, na hapo Selorm akamwona msichana mwenye gauni la kitenge la kijani, viatu mkononi, macho kwenye simu. Alikuwa akicheza Mto Mrefu, gemu la uvuvi la mtandaoni lililowateka vijana wengi wa Accra.

"Dada, samaki huyo hali chambo mchana," Selorm alimwambia. "Soma wiki ya gemu hili mtandaoni, tumeandika kila kitu."

"Nani kakuuliza?"

"Nakuhurumia tu."

"Jihurumie mwenyewe. Ukishasimuliwa gemu lote, unacheza nini?"

Selorm alikuwa mmoja wa wachezaji walioandika wiki ya gemu hilo, kurasa ambazo yeyote huongeza alichogundua, bure, na kwao kuficha ugunduzi ni uchoyo. Dzifa, ndilo jina la binti yule, hakuwahi kufungua hata ukurasa mmoja. Walipendana hivyohivyo, wakibishana.

"Umekula, mpenzi?" Selorm angepiga kuuliza.

"Nimekula waakye. Na leo nimegundua kitu."

"Nini?"

"Sikwambii. Utaandika!"

Mpaka siku alipomwambia. Dzifa alimwongoza nyuma ya maporomoko ya maji ndani ya gemu, wakatulia bila kugusa kitu mpaka mvua ya humo ikakatika, na mwamba ukafunguka, ukaonyesha kibanda. Ndani yake alilala mvuvi mwenye kofia nyekundu.

"Huyu ni mvuvi wa kaka yangu, Edem," Dzifa alisema. "Alimlaza hapa jioni, asubuhi gari likamgonga kaka, akafa. Gemu huwaondoa walioacha kucheza, lakini humu ndani haliwaoni. Siku ya kutimiza mwaka tangu afe nitamleta Mama amwone. Hakupata kumuaga mwanawe."

Selorm alilia naye. Na kwa kuwa alimpenda, akafanya kosa ambalo ni mwandishi wa wiki tu angelifanya: aliandika ukurasa. Akauita "Kibanda cha Edem", akaeleza njia yote, akamtaja marehemu kuwa ndiye mgunduzi, ili jina lake lisipotee. Si angeuliza kwanza? Lakini alitaka kumshtukiza, na mwanaume akitaka kushtukiza haulizi. Kisha akampeleka Dzifa Aburi, mji wa milimani, kupumzika, wakakubaliana kuzima simu.

Watengenezaji wa gemu nao husoma wiki. Waliiona ile kasoro ya gemu kutoona humo ndani, wakairekebisha, na wote waliokwama ndani ya miamba wakafutwa.

"Selorm, mwamba haufunguki," Dzifa alipiga simu waliporudi. "Nimekaa, nimengoja, haufunguki."

"Dzifa... niliandika. Kwa heshima yake."

"Uliandika? Ulimtangaza kaka yangu kama nyanya za sokoni?"

Akakata. Selorm alipiga tena na tena, haikupokelewa. Aliwaandikia watengenezaji, akawasihi. Walimjibu kwa adabu kwamba kilichofutwa hakirudi.

Siku ya kutimiza mwaka alikwenda nyumbani kwa kina Dzifa, amevaa nyeupe kama wafiwa wote. Dzifa alimkuta getini, kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba.

"Umefuata nini?"

"Nina kitu cha kukuonyesha. Ukikataa, naondoka."

Chini ya ukurasa ule wachezaji walikuwa wameandika maneno yao. Mmoja wa Kumasi: nimemkuta amelala, nimemwashia taa. Mwingine wa Lomé: nami nimemwachia yangu. Na kulikuwa na picha, iliyopigwa kabla ya kufutwa: kibanda kimejaa taa mpaka ukutani, na katikati yake Edem amelala.

Dzifa aliitazama mpaka midomo ikamcheza. "Mama! Mama, njoo umwone."

Mama akaja, akaipapasa simu kwa kidole. "Wote hawa walimjia mwanangu?"

"Wote, Mama," Selorm alijibu.

"Mungu awabariki. Edem, baba, lala salama." Akamgeukia Selorm. "Na wewe usiondoke bila kula."

Mama alipokwisha kuingia ndani, Selorm alimuuliza Dzifa polepole, "Na wewe, mpenzi? Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Nakupenda, Selorm, nisikudanganye." Machozi yalimtiririka, hakuyafuta. "Lakini watu wasiomjua walikuja kumuaga kaka yangu, na mimi nilikuwa Aburi, nacheka na wewe. Kila nikitaka kucheka na wewe, nakumbuka hilo."

"Litapita."

"Labda. Usinisubiri." Akamrudishia simu. "Ingia ule, Mama amekuwekea chakula."

Selorm aliingia, akala, huku Dzifa akiwahudumia wageni wengine.